Mwale upi unaumwa? Kutatua matatizo ya miale ya antena mazingira ya mtandao yanapobadilika

Malalamiko mengi ya mtandao hufika na sura moja: "Jana palikuwa pazuri, leo simu inaonyesha baa zote lakini hakuna kinachofunguka." Anayepokea hufungua kompyuta, huinamisha antena digrii mbili, kisha husubiri. Siku mbili baadaye mtaa ule umenyamaza, na mtaa wa jirani umeanza kulalamika. Nimeuona mzunguko huo mara nyingi, na karibu kila mara chanzo kilikuwa kilekile: mtu alibadilisha mwale kabla ya kujua ni mwale upi wenye hitilafu.

Katika 4G yenye antena ya kawaida, swali hilo halina uzito mkubwa. Kila sekta, yaani upande mmoja wa mnara wenye antena yake, ina mwale mmoja mpana, mara nyingi wa digrii 65 hivi kwa upana na digrii 6 hadi 10 kwa wima, na mwale huohuo hubeba matangazo ya seli (ishara zinazoitambulisha kwa simu) pamoja na data. Ukiuinamisha, kila kitu kimeinama.

Katika 5G mambo yamegawanyika. Kuna miale ya matangazo, SSB, inayorushwa kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, na kwa kawaida mzunguko mzima hurudiwa kila milisekunde 20. Katika bendi za chini ya GHz 3 inaweza kufika 4, kati ya GHz 3 na 6 inaweza kufika 8, na katika bendi za juu kabisa, kuanzia GHz 24.25, inaweza kufika 64. Simu iliyotulia mfukoni huchagua seli kwa kuisikiliza hiyo. Halafu kuna miale ya data, inayotengenezwa kwa ajili ya simu moja moja. Kituo huipata kwa njia mbili: kwa kusikiliza ishara ya SRS ambayo simu yenyewe hurusha, au kwa kusoma ripoti ambayo simu hutuma baada ya kupima CSI-RS, ishara ya kupimia inayorushwa na kituo. Kwa hiyo ukibadilisha mwinamo wa matangazo, umebadilisha nani anaingia kwenye seli yako. Jinsi data inavyomfikia akishaingia, huenda hujaigusa kabisa.

Kwanza: je, antena inafanya kile skrini inachosema?

Hatua hii hurukwa kuliko zote, na ndiyo iliyonipotezea muda mwingi kuliko zote.

Antena zinazoinamishwa kutoka mbali zina mota ndogo, RET, inayopokea amri kupitia kebo ya AISG. Namba unayoiona kwenye skrini ni ile ambayo mota inaikumbuka. Hakuna jicho lililoithibitisha. Mota ambayo haikufanyiwa kalibresheni baada ya kubadilishwa itakuambia digrii 6 huku antena ikiwa 1. Faili la usanidi la aina nyingine ya antena litafanya vivyo hivyo. Na kebo zilizopishana ndizo hatari zaidi, kwa sababu kila kitu huonekana kizima.

Kulikuwa na kituo ambacho sekta yake ya pili ilirusha mbali kupita kiasi. Tuliiinamisha kutoka digrii 2 hadi 6, na skrini ikakubali bila onyo lolote. Kesho yake sekta ya pili ilikuwa vilevile, ila sekta ya tatu ilikuwa imepoteza karibu watumiaji wake wote wa mbali. Fundi alipanda, akafuta vumbi kwenye kibandiko chini ya mota, akanisomea namba ya utambulisho herufi kwa herufi kwenye simu. Nikailinganisha na orodha: mota iliyoandikwa sekta ya pili ilikuwa imefungwa kwenye antena ya sekta ya tatu. Ilikuwa imepishana wakati wa matengenezo ya wiki tatu nyuma, na kwa wiki tatu hizo hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametoa amri.

Tangu siku hiyo hufanya jaribio dogo kabla ya kuamini mwinamo wowote. Sogeza sekta moja digrii 3, iache saa moja katika muda wa matumizi ya wastani, kisha angalia mgawanyo wa umbali na wa nguvu za mawimbi wa sekta hiyo na wa ndugu zake wawili. Iliyopewa amri ndiyo itikisike. Ikitikisika nyingine, kebo zimepishana. Isipotikisika yoyote, mota imekwama. Ukimaliza, irudishe ilipokuwa.

Angalia pia mwelekeo wa antena kwa mlalo. Upepo hulegeza bolti, na antena hugeuka kidogo kidogo bila kengele yoyote kulia. Usiupime kwa dira ukiwa umesimama kwenye chuma cha mnara, maana chuma huivuta sindano. Simama mbali ukiielekea antena, au tumia kifaa cha kupimia kwa setilaiti. Kama simu iliyo mbele kabisa ya sekta ya kwanza inaonyesha utambulisho wa sekta ya pili, usibishane na parameta. Nenda kwenye kebo za mawimbi.

Jambo la mwisho hapa: antena za 5G za njia 32 au 64 (yaani mitambo midogo ya kurusha na kupokea iliyo ndani yake) huinamisha miale kidijitali, lakini zimefungwa kwenye bomba kwa mwinamo wa chuma pia. Miinamo hiyo miwili hujumlishwa. Mwenye digrii 4 za chuma akiandika 6 za kidijitali, amefika 10, na seli yake imekuwa ndogo kuliko alivyokusudia.

Dalili: baa zimejaa, kasi haipo

Baa kwenye simu kwa kawaida ni kipimo cha mwale wa matangazo. Hazisemi lolote kuhusu mwale wa data, na mara nyingi hazisemi lolote kuhusu kelele. Kwa hiyo dalili hii ina familia tatu za vyanzo, na kazi yako ni kuzitenganisha.

Anza na msongamano, kwa sababu ni rahisi kuuthibitisha. Kama asilimia ya rasilimali zinazotumika inagonga dari saa zilezile ambazo kasi hushuka, na ripoti za ubora, CQI, hazijabadilika, mwale hauna kosa. Usiuguse. Watu wameongezeka, na dawa ni kuongeza uwezo au kugawana mzigo na jirani.

Kama CQI imeshuka huku nguvu ya mawimbi ikiwa nzuri, unatazama mwingiliano. Hapa kuna mtego. Katika mitandao ya TDD, ambako kurusha na kupokea hupeana zamu kwenye masafa yaleyale, vituo vyote hufuata saa moja, na mara nyingi vyote hurusha SSB kwa wakati mmoja. Maana yake SINR (uwiano wa ishara dhidi ya mwingiliano na kelele) inayopimwa kwenye SSB ni ya matangazo yako dhidi ya matangazo ya majirani, hata kama hakuna mtu mmoja anayetumia data. Inaweza kuwa mbaya saa tisa usiku wakati seli ziko tupu, na isibadilike sana jioni wakati data inaumia. Anayetafuta mwingiliano wa data kwa kusoma SINR ya matangazo anapima kitu kingine. Soma CQI, soma kiwango cha makosa ya pakiti kwenye jaribio la kwanza, na soma idadi ya tabaka, yaani mikondo ya data ambayo simu inapokea kwa pamoja. Mtumiaji aliye wazi mbele ya antena akibaki kwenye tabaka moja siku nzima, kuna kitu kinachomzuia.

Familia ya tatu ndiyo inayohusu miale ya data yenyewe. Mwale wa data ni mwembamba kuliko wa matangazo, kwa hiyo simu inapoupata sawasawa unapaswa kuwa na nguvu zaidi kwa desibeli kadhaa. Pima zote mbili mahali pamoja. Ukikuta zimelingana, au wa data uko chini, uliza maswali mawili. La kwanza: je, njia za antena zina kalibresheni? Mwale hutengenezwa kwa kupanga awamu (mpando na mshuko wa mawimbi) za njia nyingi ziungane upande mmoja. Njia chache zikikosea awamu, nguvu humwagika pembeni. Zaidi ya hapo, TDD hudhani kwamba njia ya kwenda na ya kurudi ni moja, na dhana hiyo husimama tu kama mitambo ya kurusha na ya kupokea imelinganishwa. Tafuta kengele za kalibresheni hata zile ndogo ambazo watu huzifunga bila kuzisoma. La pili: je, kituo kinaisikia SRS? Simu hurusha kwa nguvu ndogo, kwa kawaida isiyozidi dBm 23 (kama moja ya tano ya wati), na ikiwa pembezoni ishara yake huzama kwenye kelele. Kituo kikijenga mwale kutokana na SRS iliyozama, kinaelekeza kwa kubahatisha. Kuna kizingiti cha ubora ambacho SRS ikishuka chini yake kituo huhamia kwenye ripoti za simu. Kizingiti kikiwekwa chini mno, watumiaji wa pembezoni hubaki na miale ya kubahatisha. Nimeona kikipandishwa kidogo tu, na malalamiko ya pembezoni yakipungua bila antena kuguswa.

Dalili: seli inaonekana mahali isipotakiwa

Mtu yuko kilomita nne kutoka mnara, ana mnara mwingine mita 600 kutoka alipo, na simu yake imeshika ule wa mbali. Simu inakatika akiongea kwa sababu seli ya mbali haimjui jirani wa hapo alipo.

Kipimo cha kwanza ni mgawanyo wa umbali, unaotokana na marekebisho ya muda, TA. Katika 4G hatua moja ni mita 78 hivi. Katika 5G yenye nafasi ya kHz 30 kati ya vibebaji vyake vidogo vya mawimbi ni nusu yake, mita 39 hivi. Kama sekta iliyokusudiwa kufika mita 700 ina mkia mrefu wa watumiaji hadi kilomita nne, umeshampata mhusika.

Sasa hesabu. Antena iko mita 30 juu, mwale wake una digrii 7 kwa wima. Mwinamo wa digrii 3.4 unaelekeza kitovu cha mwale mita 500 hivi kutoka mnarani, na wengi huishia hapo wakiridhika. Lakini nusu ya juu ya mwale ni digrii 3.5, kwa hiyo ukingo wake wa juu uko sambamba na upeo wa macho, na unasafiri mpaka ukutane na kizuizi. Inamisha hadi 6: kitovu kinagusa ardhi mita 285, ukingo wa chini mita 179, na ukingo wa juu unagusa mita 687. Huo ndio mwinamo wa seli ya mita 700. Ninachosisitiza kwa kila ninayefanya naye kazi ni kwamba mpaka wa seli huchorwa na ukingo wa juu wa mwale.

Ukiinamisha sana kwa chuma peke yake, mwale huinama mbele lakini pembeni haubadiliki sana, na umbo lake linapanuka kwa mlalo kama sahani iliyoinuliwa upande mmoja. Mwinamo wa umeme, unaofanywa ndani ya antena bila kuiinamisha yenyewe, huushusha mwale kwa usawa pande zote. Kwa hiyo, kwa kazi ya kuzuia kurusha mbali, maliza kwanza mwinamo wa umeme.

Katika 5G, kabla ya kuinamisha seli nzima, angalia ni SSB namba ngapi inayoshikwa na hao wa mbali. Mara nyingi ni mmoja tu kati ya minane, ule unaopita kwenye pengo la barabara pana au juu ya maji. Kushusha huo mmoja, au kupunguza nguvu yake kama mtambo unaruhusu, kunawaacha salama watu wa miale saba iliyobaki.

Dalili: chini pazuri, ghorofani hapafai

Chukua antena iliyo mita 25 juu na jengo la mita 75 lililo umbali wa mita 150. Ghorofa ya chini iko digrii 9.5 chini ya upeo wa antena, na ya juu kabisa iko digrii 18.4 juu yake. Jumla ni karibu digrii 28. Mwale wa digrii 7 hauwezi kulifunika jengo hilo, hata ukiuzungusha vipi, na kila digrii unayoinua kuwapa wa juu unawanyang'anya wa chini huku ukirusha mawimbi kwenye seli za mbali.

Hapa inabidi ujue antena yako imeundwaje. Antena ya njia 64 kwa kawaida ina safu wima 8, ngazi 4 za kwenda juu zinazoongozwa kila moja peke yake, na upolarishaji (mwelekeo wa mtikisiko wa mawimbi) wa aina mbili: 8 mara 4 mara 2. Ya njia 32 mara nyingi ina ngazi 2 tu. Ya njia 8 ina ngazi moja, kwa hiyo haiwezi kuuzungusha mwale wa data kwenda juu wala chini, na hakuna parameta itakayoibadilisha. Nimewahi kuona wiki nzima ikiisha kwenye majaribio ya aina hiyo.

Kama ngazi zipo, chagua umbo la matangazo lililojengwa kwa ajili ya majengo marefu: jembamba kwa mlalo, refu kwa wima. Ujue unalipia. Nguvu iliyotawanywa kwa wima imepungua kila mahali, na pembe za mlalo ulizoziacha zinahitaji sekta nyingine izishike. Mchanganyiko unaonifaa mara nyingi ni kuiacha miale mitano au sita ya SSB kwenye mlalo wa kawaida, na kuielekeza iliyobaki juu, kwenye jengo.

Dalili: baada ya kubadilisha miale, simu zinauona mtandao lakini haziingii

Hili hutokea upande mmoja tu wa seli, na humkanganya mtu kwa sababu nguvu ya mawimbi ni nzuri. Chanzo ni kwamba kila mwale wa SSB umefungwa na nafasi yake ya simu kuomba kuingia, PRACH. Kituo hujua simu iko kwenye mwale upi kwa kuangalia imeomba katika nafasi gani. Ukiongeza miale kutoka 4 hadi 8 na nafasi zikabaki zilivyopangwa kwa 4, baadhi ya simu huomba pasipo na sikio linaloelekea kwao.

Ndugu yake ni tatizo la hendova, yaani simu kuhamishwa kutoka seli moja hadi nyingine. Majirani huambiwa watafute SSB zako katika dirisha fulani la muda. Kwa nafasi ya kHz 30, miale 8 hujaza milisekunde 2. Dirisha likiwa la milisekunde 1, simu zilizo kwenye seli ya jirani huona miale minne ya kwanza tu. Anayekuja kutoka upande wa mwale wa sita hakuoni mpaka simu yake ikatike. Ukibadilisha idadi ya miale, badilisha dirisha kwa majirani wote siku hiyohiyo.

Dalili: aliyetulia yuko sawa, anayesafiri anateseka

Mwale wa digrii 10, barabara iliyo mita 50 kutoka antena: upana wake barabarani ni mita 9 hivi. Gari la kilomita 100 kwa saa huuvuka kwa theluthi moja ya sekunde. Barabara hiyohiyo ingekuwa mita 500, lingechukua sekunde tatu. Ndiyo maana minara iliyobanana na barabara kuu ndiyo inayosumbua zaidi kwa miale myembamba, ingawa mawimbi yake ni makali kuliko yote.

Lakini kubadili mwale kwa wakati ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni uhai wa kipimo. Kwenye GHz 3.5, mwendo wa kilomita 100 kwa saa huzaa mabadiliko ya Doppler (ya masafa yanayoletwa na mwendo) ya Hz 324 hivi, na picha ya njia ya mawimbi iliyopimwa na SRS huzeeka kwa takriban milisekunde moja. Kama SRS inatumwa kila milisekunde 20, kituo kinamwelekezea mtu mwale wa mahali alipokuwa, tena kwa awamu zisizokuwepo tena. Mtembea kwa miguu, kilomita 3 kwa saa, ana milisekunde 40 na zaidi, kwa hiyo SRS hiyohiyo inamtosha kabisa.

Kufupisha kipindi cha SRS husaidia kidogo na hula rasilimali za watu wengine. Kwa wasafiri wa kasi, dawa iliyo imara ni kuacha kukimbiza awamu: watumie miale isiyobadilika, mipana kidogo, inayochaguliwa kwa ripoti ya simu. Mwelekeo wa jumla wa mtu hubadilika polepole kuliko awamu za mawimbi yake. Mitambo mingi inaweza kutambua mwendo wa simu na kuihamisha kwenye njia hiyo. Hakikisha kipengele hicho kimewashwa, na kwamba kizingiti chake hakijawekwa kwa mwendo ambao hakuna gari linaloufikia hapo.

Ukiona simu ikiruka mwale wa 3, wa 4, wa 3, wa 4 huku mtu amesimama, hilo ni jingine. Yuko mpakani mwa miale miwili, na tofauti inayohitajika ili kuhama imewekwa ndogo mno. Ongeza desibeli moja au mbili, au refusha muda wa kuchuja kipimo. Usifanye hivyo kwenye seli ya barabara kuu, maana kule uchelewaji ndio ugonjwa wenyewe.

Dalili: tatizo lina saa yake

Tatizo linalokuja na kuondoka kwa saa maalumu ni zawadi kwa mchunguzi. Chora kaunta, yaani takwimu ambazo kituo hujihesabia, za wiki mbili, saa kwa saa, kabla ya kufikiria kitu kingine.

Likianza saa sita usiku na kuisha alfajiri, fungua ratiba ya kuokoa umeme. Antena nyingi huzima nusu ya njia zake usiku. Njia zikishuka kutoka 64 hadi 32 bila fidia, nguvu ya jumla imepungua nusu na uwezo wa kuikusanya umepungua nusu, kwa hiyo mwale wa data hupoteza hadi desibeli 6. Wa karibu hawatajua. Wa pembezoni watakatika. Ongeza sharti kwamba njia zisizimwe kama seli ina watumiaji wa mbali, au acha seli moja kati ya tatu ikiwa kamili.

Likitokea alfajiri au usiku tulivu, zaidi karibu na maji mapana au nyanda tambarare, na likagusa seli nyingi kwa pamoja upande wa kupokea, fikiria hewa yenyewe. Tabaka la hewa vuguvugu juu ya hewa baridi huyapinda mawimbi na kuyabeba mamia ya kilomita. Mawimbi yanayorushwa na kituo cha mbali sana hufika wakati wako wa kupokea. Alama yake huonekana ukipima kelele kwa kila simboli (kipande kidogo cha muda wa kurusha au kupokea): ya kwanza baada ya muda wa ulinzi, ule wa kimya kati ya kurusha na kupokea, ina kelele kubwa, zinazofuata zinapungua kama ngazi. Simboli moja kwa kHz 30 ni kilomita 10.7 za safari ya mawimbi, kwa hiyo ulinzi wa simboli 4 hukinga kilomita 43 tu. Kuongeza simboli za ulinzi kwa muda, na kuinamisha miale inayotazama upeo wa macho, husaidia pande zote mbili. Kazi ya 3GPP, shirika la viwango vya mitandao ya simu, katika Toleo la 16 iliweka njia ya vituo kutambuana katika hali hii. Kama mtambo wako unayo, itumie badala ya kukisia.

Likitokea wakati wa mikusanyiko mikubwa ya watu, umbo la miale lililofaa siku za kawaida halitafaa siku hiyo. Andaa maumbo mawili yaliyojaribiwa mapema, na ratiba ya kubadilisha na kurudisha. Nimekuta umbo la uwanja wa michezo likiwa bado hewani siku kumi baada ya mchezo kuisha.

Bendi za juu: mwili, majani, mvua

Juu ya GHz 24, mkono au mwili wa mtu unaweza kula desibeli 20 na zaidi. Mvua hulaumiwa kupita haki yake. Hata ile kubwa hula desibeli kadhaa kwa kilomita nzima, na seli hizi mara nyingi hazizidi mita mia chache. Majani mabichi yaliyoota kati ya mnara na mteja baada ya vipimo vya kwanza huzuia zaidi, na hayaondoki mvua ikikatika. Tuma mtu akatazame.

Kaunta ya kufuatilia hapa ni ya kupotea na kurejeshwa kwa mwale. Simu ikishindwa kuusoma mwale wake mara kadhaa mfululizo, huomba mwingine. Urejeshaji ukifaulu, hakuna simu iliyokatika, kwa hiyo ripoti ya kila siku inasema kila kitu ni kizima, huku mtumiaji akiona picha inaganda kila nusu dakika. Soma idadi ya majaribio pamoja na asilimia ya mafanikio. Ikiwa majaribio ni mengi eneo moja, ongeza mwale mbadala unaofika hapo kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kuakisiwa na ukuta wa jengo la mbele.

Programu ya kujirekebisha inapogombana na mtu

Mitandao mingi sasa ina programu zinazobadilisha mwinamo na umbo la miale zenyewe. Ni msaada mkubwa, hadi zinapokuwa mbili. Moja inainamisha kupunguza mwingiliano, nyingine inainua kuziba pengo, na mwinamo unapanda na kushuka kila siku kama pumzi. Ukiona mchoro wa namna hiyo, zima zote mbili, rudisha thamani ya mwisho iliyojulikana kuwa nzuri, kisha washa moja. Iwekee mipaka: hatua isiyozidi digrii moja au mbili kwa mara, jumla isiyopita ukingo wa juu uliouhesabu, na muda wa kusubiri unaojumuisha siku zilezile za wiki. Jumatatu hulinganishwa na Jumatatu.

Na wewe mwenyewe ufuate mipaka hiyohiyo. Andika thamani ya zamani kabla ya kuandika mpya, badilisha seli moja kwa wakati, na siku inayofuata anza kwa kufungua kaunta za majirani wawili wa mbele, kisha ndipo uangalie seli uliyoigusa.